Kanuni za Darasa Zinazotimizika: Mwongozo kwa Mwalimu na Wazazi wa Gredi za Chini

Wiki ya kwanza ya Januari, katika shule nyingi za msingi jijini Nairobi, mzazi hufika ofisini akiwa na haraka ya kuwahi kazini, akapewa karatasi yenye kanuni ishirini na kitu, akatia sahihi palipoonyeshwa na kuondoka bila kuisoma. Muhula ukifika katikati, mwalimu anamlaumu mzazi kwa kuvunja makubaliano, naye mzazi anashangaa ni makubaliano yapi hayo. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuandika kanuni ambazo mtoto, mzazi na mwalimu wanazielewa na wanaweza kuzitimiza. Nimemwandikia hasa mwalimu wa Gredi ya 1 hadi ya 3, lakini mzazi akiusoma ataona pia yale anayostahili kudai.

Nilipoanza kufundisha Gredi ya 2 katika shule moja ya Eastlands, kanuni yangu ya kwanza ilikuwa kwamba atakayechelewa angesimama nje ya mlango hadi kipindi cha kwanza kiishe. Niliiona kuwa ya haki kwa sababu iliwahusu wote. Msichana mmoja alisimama hapo karibu kila siku, mkoba kaukumbatia kifuani, viatu vimejaa tope la njia ya kando ya reli, akifuatilia somo la Hisabati kupitia dirishani. Ilinichukua wiki tatu kumwuliza sababu. Mama yake alikuwa akitoka saa kumi alfajiri kwenda Marikiti kununua mboga za kuuza, na yeye, mtoto wa miaka saba, ndiye aliyemvisha mdogo wake na kumpeleka kwa mama wa jirani anayelea watoto, ambaye hakufungua mlango kabla ya saa mbili. Kwa hiyo nilikuwa nikimwadhibu mtoto kwa sababu ya mlango ambao si yeye aliyekuwa na ufunguo wake. Tangu hapo nina swali moja ninaloliuliza kabla ya kuandika kanuni yoyote: ni nani hasa aliye na uwezo wa kuitimiza? Huyo ndiye anayepaswa kuwajibishwa, na hatua zote zinazofuata zinajengwa juu ya swali hilo.

Hatua ya kwanza: Yatenge yale ambayo sheria imekwisha kuyaamua

Kabla ya kuandika neno lolote, soma Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kwa maana darasa haliwezi kukubaliana juu ya jambo ambalo sheria imelikataza. Kifungu cha 36 kinapiga marufuku adhabu ya kimwili na mateso ya kiakili kwa mwanafunzi. Kwa hiyo kiboko, kupigishwa magoti juani na kumwita mtoto mjinga mbele ya wenzake havina nafasi katika kanuni zako, hata kama mzazi mwenyewe atakuambia, kama nilivyoambiwa mara nyingi, “Mwalimu, wewe mchape tu, nimekuruhusu.” Mjibu kwa upole kwamba ruhusa hiyo si yake kuitoa wala si yako kuipokea.

Sheria hiyo hiyo inasema kwamba shule ya umma haitozi karo ya masomo, na kwamba ada nyingine zikiidhinishwa, mtoto hatazuiwa kuhudhuria shule kwa sababu hazijalipwa. Nimeona kanuni za darasa zilizoandikwa kwa mkono zikisema kuwa asiyelipa pesa za mtihani atarudishwa nyumbani. Ukikuta sentensi ya aina hiyo katika karatasi uliyoirithi, ifute. Masomo ya kulazimishwa wakati wa likizo nayo yamekatazwa, hivyo usimwombe mzazi ayakubali kwa sahihi. Kwa upande wa mzazi, sheria inamtaka ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule bila kukosa.

Saa za masomo pia zimewekwa. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinataja masomo katika shule za kutwa kuwa ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu, Jumatatu hadi Ijumaa, kisha michezo na shughuli nyingine hadi saa kumi na moja kasorobo. Mwalimu anayemhesabu mtoto wa Gredi ya 1 kuwa amechelewa kwa kufika saa moja na nusu anatumia saa ambayo haimo popote.

Hatua ya pili: Ijue nyumba kabla ya kuiandikia

Siku ya kwanza mpe kila mzazi kadi ndogo yenye maswali matano tu. Nani humleta mtoto asubuhi, na nani wanaruhusiwa kumchukua jioni? Ni nambari ipi ya simu inayopatikana mchana, na ni saa zipi mtu anaweza kuipokea? Mtoto huzungumza lugha gani nyumbani? Ana ugonjwa au mzio wowote? Baada ya shule hukaa na nani hadi mzazi arudi?

Swali hili la mwisho ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Utagundua kwamba baba wa mtoto mmoja ni mlinzi wa usiku anayelala mchana, kwamba mwingine hukaa kwa nyanya asiyejua kusoma, kwamba wa tatu hufungiwa ndani na dada wa miaka kumi na miwili hadi saa mbili usiku, wakati mama anaposhuka kwenye matatu kutoka Industrial Area. Ukiyajua hayo mapema, hutaandika kanuni inayosema “kila mzazi aketi na mtoto wake kwa saa moja kila jioni” kisha ukamwona mzazi kuwa mzembe. Kadi hizi ni siri. Zifungie kwenye droo, usizitaje mkutanoni, na usimwachie kiranja azikusanye.

Hatua ya tatu: Andika kila kanuni katika safu tatu

Chukua karatasi, uigawe safu tatu: mtoto, mzazi, mwalimu. Kila jambo unalotaka kuliwekea kanuni lipite katika safu zote tatu. Ukikuta safu ya mwalimu imebaki tupu, ujue umeandika amri, na ukikuta safu ya mtoto imebeba mambo ya fedha, umemtwika mzigo usio wake.

Kuchelewa kunaweza kuandikwa hivi. Mtoto: “Nikichelewa, nitaingia polepole, nitamsalimu mwalimu na kuketi.” Mzazi: “Nitahakikisha mtoto anatoka nyumbani kwa wakati, na siku nitakaposhindwa nitamjulisha mwalimu kwa ujumbe mfupi.” Mwalimu: “Sitamzuia mtoto mlangoni. Akichelewa mara tatu katika wiki moja, nitampigia mzazi simu tutafute njia.” Ongeza pia mstari wa siku za mvua. Kuanzia Machi hadi Mei barabara za mitaa mingi hugeuka mito, nauli ya matatu hupanda maradufu kabla ya saa moja, na mtoto anayevuka mtaro uliofurika ili awahi kengele yuko hatarini. Sisi tuliafikiana kwamba asubuhi ya mvua kubwa hakuna anayehesabiwa kuwa amechelewa hadi saa mbili na nusu, na somo la kwanza siku hiyo huwa hadithi.

Kwenda nyumbani kuwe na kanuni isiyolegezwa. Mtoto wa gredi za chini hakabidhiwi mtu asiyetajwa kwenye kadi, hata kama mtu huyo anamjua mtoto kwa jina, na hata kama ni mhudumu wa bodaboda anayemleta mtoto wa jirani kila siku. Mzazi akibadilisha mchukuaji, apige simu mwenyewe. Mzazi mmoja alinikasirikia kwa kumzuia binamu yake getini kwa dakika ishirini, na ningefanya vivyo hivyo kesho.

Kuhusu sare, sema machache. Iwe safi kadiri ya maji yaliyopo mtaani, sweta na kofia viandikwe jina kwa uzi au kalamu isiyofutika, na sare iliyonunuliwa soko la mitumba la Gikomba ikubaliwe sawa na iliyonunuliwa dukani. Aliyekosa sare anaingia darasani, na mwalimu anazungumza na mzazi faraghani.

Vifaa na kazi ya nyumbani ndiko kwenye manung’uniko mengi, kwa hiyo lipe jambo hili muda wa kutosha. Tangu Mtaala wa Umilisi (CBC) ulipoanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019, kuanzia chekechea hadi Gredi ya 3, ushirikishaji wa wazazi umekuwa sehemu ya masomo yenyewe. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, kwa nyumba nyingi nia hiyo ilifika kwa sura ya ujumbe wa saa mbili usiku ukimtaka mzazi atafute karatasi ya manila na picha tano za rangi zilizochapishwa, wakati saiba ya mtaa imekwisha kufungwa na shilingi mia iliyobaki ni ya nauli ya asubuhi. Asubuhi mtoto anakuja mikono mitupu na kuambiwa akae nyuma. Mtoto huyo hakukosa lolote.

Hivyo basi, safu ya mwalimu iwe na ahadi mbili ambazo hutazivunja: kwamba kifaa chochote kitatajwa wiki moja kabla, na kwamba kitakuwa kitu kinachopatikana nyumbani au kilichokwisha kutumika, kama vifuniko vya soda, maboksi, mabaki ya vitambaa, mbegu za maembe au pakiti za unga. Darasani weka kikapu cha ziada ambacho watoto hukijaza wenyewe kila Ijumaa, ili aliyekosa achote humo bila kuomba. Safu ya mzazi iseme kwamba atamwachia mtoto afanye kazi yake mwenyewe. Mwalimu huitambua mara moja kofia ya karatasi iliyokatwa na mtu mzima, na haimwonyeshi lolote kuhusu mtoto.

Kazi ya nyumbani ya gredi hizi isizidi dakika thelathini, urefu wa kipindi kimoja cha darasani. Sehemu iliyo muhimu zaidi ni kusoma kwa sauti dakika kumi kila siku, na hapa mzazi asiyejua kusoma asijione hana nafasi. Mama mmoja mwenye kibanda cha mboga aliniambia kwamba hana kitabu nyumbani na yeye mwenyewe aliishia darasa la tatu. Tukakubaliana kwamba kila jioni mwanawe amsomee maandishi ya pakiti ya unga kutoka juu hadi chini, kisha bei alizoandika mama kwenye vipande vya boksi. Baada ya mwezi mmoja mtoto alianza kusahihisha tahajia ya “sukumawiki” kwenye kibanda, na mama akaja kunieleza huku akicheka kwa furaha. Anachotakiwa mzazi ni kusikiliza na kuweka alama kwenye shajara, hata kama alama yenyewe ni mkwaju.

Chakula na maji vinahitaji mistari michache. Katika shule za umma zilizo katika mpango wa Dishi na County ulioanzishwa na Kaunti ya Nairobi mwaka 2023, mzazi huchangia shilingi 5 kwa mlo, na mtoto hupata chakula kwa kugusisha bangili ya kielektroniki. Andika kwamba mtoto avae bangili hiyo kila siku na asiiazime, kwamba mzazi aongeze pesa kabla hazijaisha, na kwamba mwalimu atawajulisha wasimamizi bangili ikipotea badala ya kumwacha mtoto akiwatazama wenzake wakila. Penye chakula cha kubeba, githeri ya jana inatosha, lakini vibanzi na soda vibaki nyumbani. Kila mtoto aje na chupa ya maji yaliyochemshwa yenye jina lake.

Mtoto anayetapika, anayeharisha, mwenye homa au macho mekundu abaki nyumbani, na mzazi atume ujumbe siku hiyo hiyo. Dawa zisiwekwe kwenye mkoba kamwe. Mtu mzima aikabidhi kwa mwalimu, ikiwa na jina la mtoto na saa za kuinywa.

Kisha kuna kikundi cha WhatsApp. Weka saa zake, kwa mfano saa kumi na mbili asubuhi hadi saa moja jioni, na uandike kwamba ni cha matangazo ya darasa pekee. Habari inayomhusu mtoto mmoja, iwe ni alama, deni, ugonjwa au kosa, itumwe kwa mzazi wake tu. Jambo la picha lichukuliwe kwa uzito. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, taarifa za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi, na mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kwa hiyo weka kwenye karatasi kisanduku cha ndiyo au hapana kuhusu picha, na umheshimu anayesema hapana bila kumwuliza maswali. Mzazi naye asiwapige picha watoto wa wenzake siku ya michezo na kuzisambaza.

Mwisho wa karatasi eleza jinsi utakavyotoa ripoti, kwa maana wazazi wengi tuliosoma zamani bado tunauliza, “Amekuwa nambari ngapi?” Siku hizi ripoti haina nambari bali viwango, navyo ni vinne: Kuzidisha Matarajio, Kufikia Matarajio, Kukaribia Matarajio na Mbali na Matarajio. Vinamlinganisha mtoto na kile alichotakiwa kujua, wala si na mtoto wa jirani. Mwalimu aahidi kwamba mtoto aliye mbali na matarajio, mzazi wake atajua kabla ya mwisho wa muhula, na ataambiwa afanye nini.

Hatua ya nne: Waache watoto watunge zao

Safu ya mtoto usiiandike peke yako. Katika wiki ya kwanza, waketishe sakafuni kwa duara, hata kama ni sitini, na uwaulize kwa Kiswahili chepesi: ni nini hukufanya ushindwe kujifunza? Majibu ya kwanza yatakuwa yale wanayodhani unataka kuyasikia, kwamba ni kelele, ni utundu. Subiri. Mwaka mmoja baada ya ukimya mrefu mvulana wa mwisho kabisa ukutani alisema, akiangalia vidole vyake vya miguu, “Nikisoma, wananicheka.” Watoto kama kumi wakainua mikono kusema hata wao. Kanuni ya kwanza ya darasa mwaka huo ikawa: “Anayesoma tunamsikiliza hadi amalize.” Mimi nisingeifikiria, na wao waliilinda kuliko kanuni yoyote niliyowahi kuandika.

Zisizidi tano. Ziandikwe kwa kutaja la kufanya kuliko la kuacha, ziwe na michoro yao wenyewe kwa ajili ya wasioweza kusoma bado, na zibandikwe kwa kimo cha macho ya mtoto. Badala ya sahihi, kila mmoja apige chapa ya kiganja kwa rangi chini ya chati.

Hatua ya tano: Zisome kwa sauti mbele ya wazazi

Mkutano ufanyike kabla ya wiki ya tatu ya muhula. Siku ichaguliwe kwa kuangalia kadi zako. Jumamosi inawafaa wengi walioajiriwa, lakini inawanyima nafasi Waadventista na wafanyabiashara wa soko, kwa hiyo mimi hufanya vikao viwili vifupi vya dakika arobaini badala ya kimoja kirefu. Soma kila mstari kwa Kiswahili, ukianza na safu ya mwalimu. Mzazi akisikia wewe umejifunga kwanza, atakuwa tayari kujifunga naye.

Baada ya kila kanuni uliza, “Kuna nyumba ambayo hii haiwezekani?” kisha unyamaze. Atakayejibu anakusaidia. Kanuni ibadilishwe pale pale kwa kalamu, wote wakiona. Sahihi ziwekwe mwishoni, na kila mmoja aondoke na nakala. Wazazi wachague pia mwakilishi wao wa darasa katika Chama cha Wazazi, ambacho kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama wake.

Hatua ya sita: Panga mapema kitakachofuata kanuni ikivunjwa

Kwa mtoto, matokeo yafanane na kosa. Aliyemwaga maji anapangusa, aliyechana kitabu cha mwenzake anakigundisha naye wakiwa pamoja, aliyemcheka msomaji anamsikiliza akisoma ukurasa mzima. Kosa likirudiwa, zungumza naye pembeni ukiwa umeinama hadi kimo chake. Likiendelea, mwite mzazi, na uanze mazungumzo kwa kutaja jambo moja jema uliloliona kwa mtoto wiki hiyo, kwa sababu mzazi anayeitwa shuleni huja akiwa na hofu au hasira, na mtoto ndiye hulipia mojawapo kati ya hizo akifika nyumbani. Ukishuku kwamba anaumizwa nyumbani au kwingineko, jambo hilo limetoka nje ya kanuni za darasa. Mjulishe mwalimu mkuu siku hiyo hiyo, na ujue kwamba simu ya bure ya kusaidia watoto ni 116.

Kwa mzazi, mwalimu hana adhabu wala hatakiwi kuwa nayo. Ana simu, ana kiti cha kumketisha, na ana kadi ile ya Januari. Kwa mwalimu aliyevunja ahadi yake, mzazi aanze kwake moja kwa moja na si kwenye kikundi. Asiporidhika aende kwa mwalimu mkuu, kisha kwa Bodi ya Usimamizi, kisha ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Mpangilio huu uandikwe kwenye karatasi waziwazi, hata kama unajihisi kana kwamba unajishtaki.

Hatua ya saba: Ifungue karatasi tena

Wiki ya kwanza ya muhula wa pili, rudisha kadi nyumbani zikaguliwe upya. Watu wamehama kutoka Pipeline kwenda Kayole, nambari za simu zimebadilika, aliyekuwa akimchukua mtoto amepata kazi. Kanuni iliyovunjwa na zaidi ya watoto kumi muhula uliopita usiikazie kabla ya kuichunguza, kwa kuwa mara nyingi shida imo katika kanuni yenyewe.

Mtoto anayehamia katikati ya mwaka asipewe karatasi na kuachwa. Mzazi wake aelezwe safu zote tatu kwa dakika kumi, naye mtoto asomewe chati na mwenzake atakayeketi naye, kisha apakwe rangi mkononi na kupiga kiganja chake pamoja na wengine. Ndiyo maana, unapoitengeneza chati Januari, unapaswa kuacha nafasi tupu sehemu ya chini.